Kukokotoa Kikomo cha Ganzi Kabla ya Kung'oa Jino: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Udaktari wa Meno

Mwanafunzi wa udaktari wa meno hukutana na lidokaini mara mbili. Mara ya kwanza ni darasani, kwenye somo la farmakolojia, ambako huikariri pamoja na dawa nyingine nyingi ili afaulu mtihani. Mara ya pili ni kliniki, muda mrefu baadaye, mgonjwa ameshaketi kwenye kiti na ameshika shavu. Hapo katikati hesabu huwa imesahaulika. Mwanafunzi anakumbuka jina la dawa na mahali pa kuchoma, lakini ukimuuliza katriji aliyoishika ina miligramu ngapi, anatazama dari.

Mwongozo huu ni wa kuondoa pengo hilo. Unahusu jambo moja tu: kujua, kwa namba iliyoandikwa, kiasi cha juu cha ganzi ambacho mgonjwa huyu anaweza kupewa leo. Fuata hatua kwa mpangilio uliowekwa. Hatua ya 1 hadi ya 8 zikamilike kabla hujagusa bomba la sindano.

MANENO YATAKAYOTUMIKA

Ganzi: myeyusho wa lidokaini wenye adrenalini, uliofungwa ndani ya katriji. Lidokaini ilitengenezwa Uswidi na Nils Löfgren mwaka 1943 na ikaanza kuuzwa mwaka 1948. Huzuia mshipa wa fahamu usipeleke taarifa ya maumivu. Adrenalini hubana mishipa ya damu ili lidokaini ikae mahali ilipochomwa badala ya kukimbilia mwilini.

Asilimia: gramu za dawa katika mililita 100 za myeyusho.

Uwiano: gramu 1 ya adrenalini katika idadi ya mililita iliyotajwa. Uwiano wa 1:100,000 ni gramu 1 katika mililita 100,000.

Kiwango cha kilo: miligramu za lidokaini zinazoruhusiwa kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Katika mwongozo huu ni 4.4.

Dari: miligramu za lidokaini ambazo hazivukwi hata mgonjwa awe mzito kiasi gani. Katika mwongozo huu ni 300.

Kikomo: jumla ya mililita za ganzi ambazo mgonjwa huyu hapaswi kuzizidi leo.

Utakuta vitabu na lebo za watengenezaji zinazoruhusu hadi miligramu 7 kwa kilo, dari 500, kwa mtu mzima mwenye afya anayepewa lidokaini yenye adrenalini. Sitakupa namba hiyo uitumie. Ukiwa bado unajifunza, 4.4 na 300 zinakutosha kwa sababu zinabaki salama hata katriji ikiwa haina adrenalini kabisa, na zinakuachia nafasi ya kukosea kidogo bila mgonjwa kulipa. Kliniki yako ikiwa na mwongozo wenye namba ndogo zaidi, tumia ya kliniki yako.

VIFAA

Mizani ya kusimama. Kipima presha chenye mkanda unaolingana na mkono wa mgonjwa. Faili la mgonjwa. Kalamu ya wino. Kikokotoo. Saa yenye mshale wa sekunde. Bomba la sindano la katriji lenye uwezo wa kuvuta nyuma. Sindano mpya. Trei. Kisanduku cha usalama cha kutupia vitu vyenye ncha kali.

HATUA

1. Pima uzito wa mgonjwa.

Hakikisha mizani inasoma 0 ikiwa haina mtu. Mgonjwa avue viatu, aweke chini mkoba na simu. Soma, kisha andika kilo kwa desimali moja. Mtoto asiyetulia: mpime mama akiwa amembeba, mpime mama peke yake, kisha toa.

Usiandike uzito wa kuambiwa. Nikiwa mwanafunzi nililetewa mtoto wa miaka mitatu mwenye gego la utoto lililooza. Nilimuuliza mama yake, akasema kwa uhakika, "Kilo 20, daktari." Nikaandika 20. Msimamizi wangu hakusema neno. Alimchukua mtoto akamweka kwenye mizani, ikasoma 14. Kwa kilo 20 nilikuwa nimejiruhusu miligramu 88 za lidokaini. Kwa kilo 14 ruhusa ilikuwa 61. Mama hakudanganya. Alikuwa akikisia tu, na mimi niliandika kisio lake kama kipimo. Hatari ya ganzi kwa watoto huanzia hapa: katriji ni ileile ya mtu mzima, mwili ni robo yake.

Hakiki: uzito umeandikwa kwenye faili, na umeusoma wewe mwenyewe kwenye mizani.

2. Uliza maswali manne, kisha pima presha na mapigo ya moyo.

Uliza kwa maneno ambayo mgonjwa anayatumia nyumbani. Usiulize, "Una historia ya maradhi ya moyo na mishipa?" Uliza hivi:

"Mzee, nyumbani unameza dawa gani kila siku? Hata za dukani, hata za mitishamba." Kama anazo mfukoni au kwenye mkoba, aombwe azitoe usome majina.

"Umewahi kuambiwa una presha, moyo, kisukari au ini?" Akijibu "nina presha," uliza swali linalofuata papo hapo: "Dawa ya leo umemeza?"

"Umewahi kuchomwa ganzi? Ilikuwaje?" Wengi husema ganzi huwakataa. Waulize nini hasa kilitokea. Moyo kwenda mbio kwa dakika chache mara nyingi ni kazi ya adrenalini au ya hofu. Kutokwa vipele, kuvimba midomo au kubanwa pumzi ni jambo jingine: simama hapo, mjulishe msimamizi. Kumbuka kwamba katriji yenye adrenalini huwekwa pia kemikali ya jamii ya salfaiti ili adrenalini isiharibike, na wapo wanaodhuriwa na hiyo, si na lidokaini.

"Leo umeshachomwa au kupakwa ganzi mahali pengine?"

Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, usiendelee. Mjulishe msimamizi.

Mambo matatu yazungushie duara kwenye faili, kwa sababu yatarudi kwenye hesabu. La kwanza ni ugonjwa wa moyo. La pili ni propranololi, dawa ya presha na moyo ambayo huzuia adrenalini isilegeze mishipa ya damu ikaiachia nafasi ya kuibana tu. Presha inaweza kupanda ghafla na mapigo yakashuka. La tatu ni ugonjwa wa ini, maana ini ndilo linalovunja lidokaini. Ini likishindwa kazi, lidokaini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na kiwango cha kilo lazima kipunguzwe. Kupunguza huko ataamua msimamizi, si wewe.

Hakiki: majibu manne yameandikwa, presha na mapigo vimeandikwa.

3. Soma lebo ya katriji utakayotumia.

Soma kwa sauti, vitu vitano kwa mpangilio huu: jina la dawa, asilimia, uwiano, ujazo, tarehe ya mwisho wa matumizi. Soma kwenye katriji yenyewe, usisome kwenye boksi, kwa kuwa katriji iliyobaki jana huweza kurudishwa kwenye boksi lisilo lake.

Ujazo ndio unaowaponza wengi. Zipo katriji za mililita 1.8 na zipo za mililita 2.2, na kliniki moja inaweza kuwa na zote mbili kulingana na mzigo ulioletwa. Katriji iliyoandikwa 1.7 ihesabu kama 1.8.

Tazama myeyusho dhidi ya mwanga. Uwe mweupe kama maji, kioo kisiwe na ufa, kizibo cha mpira kisiwe kimetokeza. Ukiona rangi ya manjano, itenge.

Hakiki: vitu vitano vimeandikwa kwenye faili.

4. Badili asilimia na uwiano kuwa miligramu kwa mililita.

Kwa lidokaini: zidisha asilimia kwa 10. Ganzi ya 2% ni gramu 2 katika mililita 100, yaani miligramu 2,000 katika mililita 100, yaani miligramu 20 kwa mililita. Katriji ya 1.8 ina miligramu 36. Katriji ya 2.2 ina miligramu 44.

Kwa adrenalini: gawanya 1,000 kwa namba ya uwiano. Uwiano wa 1:100,000 hutoa miligramu 0.01 kwa mililita. Uwiano wa 1:80,000 hutoa miligramu 0.0125 kwa mililita. Angalia vizuri: 80,000 ni namba ndogo kuliko 100,000, lakini adrenalini yake ni nyingi zaidi. Kosa hili huwanasa hata wanafunzi wanaoongoza darasa.

Hakiki: namba mbili zimeandikwa, kila moja na kipimo chake. Namba isiyo na "miligramu kwa mililita" pembeni yake ihesabu kuwa haijaandikwa.

5. Kokotoa kikomo cha lidokaini.

Zidisha uzito kwa 4.4. Jibu likizidi 300, liache, andika 300. Likiwa na desimali, ziondoe: shusha, usipandishe. Kisha toa miligramu za lidokaini alizokwishapata leo, ikiwemo ya kupuliza kwenye fizi. Dawa ya kupuliza ya 10% hutoa miligramu 10 kwa kila mpulizo mmoja. Kama leo amechomwa ganzi ya jina jingine, usijaribu kutoa wewe. Sumu za ganzi tofauti hujumlishana mwilini, na hesabu yake ni ya msimamizi.

Kilichobaki kigawanye kwa miligramu kwa mililita ulizopata kwenye hatua ya 4. Jibu ni mililita. Libakishe na desimali moja kwa kushusha.

Hakiki: zidisha mililita zako kwa miligramu kwa mililita zilezile (kwa ganzi ya 2%, ni 20). Jibu lisizidi miligramu ulizobakiwa nazo.

6. Kokotoa kikomo cha adrenalini.

Kwa mtu mzima mwenye afya, adrenalini isizidi miligramu 0.2. Kwa mgonjwa uliyemzungushia duara la moyo au la propranololi, isizidi miligramu 0.04. Gawanya namba inayomhusu kwa miligramu za adrenalini kwa mililita. Jibu ni mililita, shusha hadi desimali moja.

7. Chagua namba ndogo kati ya majibu ya hatua ya 5 na ya 6.

Hiyo ndiyo kikomo. Iandike kwenye faili kwa mililita, ipigie mstari, na pembeni yake andika ni katriji ngapi.

Mfano wa kwanza. Yule mtoto wa kilo 14, ganzi ya 2%, 1:100,000, katriji ya 1.8, hajapuliziwa kitu. 14 mara 4.4 ni 61.6, shusha, 61. Gawanya kwa 20, unapata 3.05, shusha, mililita 3.0. Adrenalini haitamfikisha kwenye tatizo, kwa kuwa mililita 3.0 zina miligramu 0.03 tu. Kikomo ni mililita 3.0: katriji moja nzima na mililita 1.2 za ya pili. Ungempulizia mara moja kabla ya kuchoma, 61 ingekuwa 51, na kikomo kingeshuka hadi mililita 2.5.

Mfano wa pili. Mzee wa kilo 58 mwenye ugonjwa wa moyo, ganzi ya 2%, 1:80,000, katriji ya 2.2. 58 mara 4.4 ni 255.2, shusha, 255. Gawanya kwa 20, ni 12.75; shusha, mililita 12.7. Mwanafunzi anayeishia hapa anaona ana ruhusa ya katriji tano na zaidi. Sasa adrenalini: 0.04 gawanya kwa 0.0125 ni mililita 3.2. Kikomo ni mililita 3.2, yaani katriji moja na mililita 1.0. Kati ya 12.7 na 3.2 ndipo ilipo tofauti ya aliyefanya hatua ya 6 na aliyeiruka.

8. Mpe mtu wa pili akokotoe upya.

Mpe mwenzako uzito, majibu ya hatua ya 2 na katriji. Usimpe jibu lako. Akishaliona jibu lako hatakokotoa tena, atakubali tu, ndivyo tulivyo. Majibu yenu yakilingana, mpelekee msimamizi aone na asaini. Yakitofautiana, rudini wote wawili hatua ya 3.

9. Choma ganzi polepole, ukivuta nyuma kwanza.

Weka katriji kwenye bomba la sindano. Ingiza sindano mahali ulipoelekezwa. Vuta nyuma: damu ikiingia kwenye katriji, sindano iko ndani ya mshipa wa damu, itoe, badilisha katriji, anza upya. Ikiwa hakuna damu, zungusha ncha kidogo, vuta nyuma mara ya pili. Ndipo usukume, ukitazama saa: katriji moja isiishe kabla ya sekunde 60. Ganzi ndogo iliyosukumwa haraka ndani ya mshipa wa damu inaweza kudhuru kuliko nyingi iliyosukumwa taratibu pembeni yake.

Katriji tupu usiitupe. Ipange kwenye trei upande wa kushoto. Ukipoteza hesabu katikati ya kazi, trei inakuambia.

10. Subiri dakika 5, kisha pima kama ganzi imeshika.

Kwa sindano ya taya la chini, muulize mgonjwa kuhusu nusu ya mdomo wa chini upande huo: "Mama, unahisi mdomo umekuwa mzito, kama si wako?" Kisha gusa fizi kwa kifaa chenye ncha, upande wenye ganzi na upande usio nayo, ili alinganishe.

Kama bado anasikia maumivu, usifungue katriji nyingine kwa pupa. Jino lenye usaha lina tindikali ya uvimbe kuzunguka mzizi. Lidokaini hupenya mshipa wa fahamu ikiwa katika umbo lisilo na chaji, na kwenye tindikali sehemu kubwa yake hugeuka kuwa na chaji ikabaki nje. Kuongeza dawa palepale penye uvimbe ni kumwaga maji kwenye mlango uliofungwa. Pamoja na msimamizi, chagua sehemu ya mbali na uvimbe ambako mshipa huo hupita. Kabla ya kuchoma, toa mililita zilizokwishatumika kwenye kikomo. Kilichobaki ndicho ulicho nacho.

Kikomo kikiisha na maumivu yapo, kazi ya leo imeishia hapo. Mgonjwa apangiwe siku nyingine.

11. Mwangalie mgonjwa tangu unapochoma hadi anapoondoka.

Usimwache peke yake kwenye kiti. Ongea naye, sikiliza anavyojibu. Dalili za lidokaini kuzidi kwenye damu mara nyingi huanza kwa mambo madogo: ganzi kuzunguka midomo yote miwili, ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, kizunguzungu, maneno kukokoteka, mikono kutetemeka. Baada ya hapo huja degedege, kisha kupoteza fahamu, pumzi na moyo kudhoofika. Mtoto mdogo hatakuambia ladha ya chuma. Mtazame akibadilika ghafla, akisinzia isivyo kawaida au akihangaika.

Ukiona hata moja: acha kuchoma, ita msaada kwa sauti, mlaze mgonjwa chali, fungua njia ya hewa, mpe oksijeni, soma saa. Mtu mmoja awasiliane na timu ya dharura na ataje miligramu ulizotumia na uzito wa mgonjwa. Timu hiyo ikiwa na myeyusho wa mafuta wa 20% wa kuchoma kwenye mshipa, dozi ya kuanzia ni mililita 1.5 kwa kila kilo, na wataitaka namba ya kilo hapo hapo. Unayo kwa sababu ulifanya hatua ya 1.

12. Andika ulichotumia kabla mgonjwa hajashuka kwenye kiti.

Hesabu katriji tupu kwenye trei, pima kilichobaki kwenye ya mwisho, kisha tupa zote pamoja na sindano kwenye kisanduku cha usalama. Andika jina, asilimia, uwiano, mililita, miligramu, mahali na saa. Kwa mfano:

"Lidokaini 2%, adrenalini 1:100,000, ml 1.8 (mg 36, kikomo ml 3.0), fizi ya nje na ya ndani, gego la kwanza la utoto, juu kulia, saa 4:20 asubuhi. Hakuna damu ilipovutwa nyuma."

Usiandike "ganzi ilitolewa." Daktari atakayempokea mtoto huyo mchana akiwa na shavu lililovimba hawezi kutoa chochote kwenye sentensi hiyo.

Kwa mazoezi, fanya hesabu hii leo jioni bila kikokotoo: mtoto wa kilo 12, ganzi ya 2%, 1:80,000, katriji ya 2.2, amepuliziwa mara moja kwenye fizi. Jibu sahihi ni mililita 2.1, na katriji moja ya 2.2 tayari imezidi.